Kicheko Matangani: Ngoma na Mzaha wa Papo kwa Papo katika Nchi ya Rungwe

Wahenga wa pwani walisema kwamba kifo cha wengi ni arusi. Huko pwani maneno haya hutumiwa kuwa faraja: msiba uwapatao watu wengi pamoja hupungua uzito wake. Lakini katika milima ya Rungwe, kusini magharibi ya Tanzania, mithali hiyo ingaliweza kusomwa kama taarifa ya jambo lililoonekana kwa macho. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkutano mkubwa wenye ngoma, mzaha, uchumba na kicheko haukuhitaji kungojea arusi wala mavuno. Mazishi yalitosha. Wageni waliofika mara ya kwanza walishangaa, na wengine walichukizwa, kuona kilio na kicheko vikikaa ua mmoja. Yafaa basi jambo hili lichunguzwe tokea mizizi yake: watu hawa walifunzwa wapi kuchekesha bila kujitayarisha, kwa nini walichekesha karibu na maiti, na kicheko hicho kimekwenda wapi.

Nchi ya Rungwe ni nchi ya mvua. Mlima Rungwe wenyewe una urefu wa karibu mita 2,960, na mji wa Tukuyu ulio chini yake hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Migomba imeota kila upande, nyasi hazikauki, na ng'ombe hupata malisho mwaka mzima. Bonde la Kyela, lishukalo hadi Ziwa Nyasa, leo ni wilaya ya peke yake, ila zamani lilihesabiwa pamoja na Rungwe. Wajerumani walijenga boma lao Tukuyu mwanzoni mwa karne ya 20, wakauita mji huo Neu Langenburg. Waingereza waliuteka mwaka 1916, na jina la Kijerumani likatoweka. Kabla ya hao wote nchi ilikuwa mikononi mwa watawala wadogo wadogo wengi, kila mmoja akiitwa malafyale, na chini yao walikuwako wakuu wa vijiji. Chakula kilipatikana bila shida nyingi, na mahali penye chakula maongezi hayakosi.

Lakini shibe peke yake haimfundishi mtu kunena. Chuo cha maneno cha Wanyakyusa kilikuwa kijiji chao, nacho kilikuwa kijiji cha namna ya pekee. Makabila mengi hujenga vijiji kwa ukoo: baba, ndugu zake na watoto wao. Wanyakyusa walijenga kwa rika. Mvulana alipofika umri wa miaka 10 au 11 aliacha kulala nyumbani kwa baba yake, akaenda kujiunga na wavulana wenziwe waliokuwa wakijijengea vibanda vyao pembeni. Mchana walichunga ng'ombe za baba zao. Wakati wa kula walikwenda kwa mama zao, leo kwa mama wa huyu na kesho kwa mama wa yule, kundi zima pamoja. Kundi hilo lilikua likawa kijiji. Vijana wakaoa, wakawaleta wake zao pale pale, wakazeeka pamoja. Mara moja katika kila kizazi ilifanywa sherehe kubwa iliyoitwa ubusoka, na hapo wazee waliwakabidhi vijana nchi.

Desturi hii ilikuwa na sababu zake nyingine. Mojawapo ilikuwa heshima: wazazi na watoto waliokwisha kukua wasilale karibu karibu, na mkwe asikutane na baba wa mumewe. Lakini jambo lihusulo makala haya ni matokeo yake. Kijana wa Kinyakyusa aliishi usiku na mchana na watu wa umri wake, ambao hakuwa na sababu ya kuwaogopa wala hakuweza kuwaamuru. Mbele ya baba hutakiwa adabu, na mbele ya mkubwa hutakiwa kimya. Mbele ya mwenzi wa rika hutakiwa jawabu, nalo lije upesi. Mwenye ulimi mzito alichekwa, na siku ya pili alirudi akiwa na ulimi mwepesi zaidi kidogo.

Wanyakyusa walikuwa na neno kwa maisha ya namna hii. Waliita ukwangala, maana yake kukaa na wenzi kwa furaha, kuongea, kubishana, kutaniana na kula pamoja. Neno hili halikuwa la mchezo tu. Mtu asiyependa ukwangala, alaye peke yake na kujifungia ndani, alitiliwa shaka. Watu waliweza kumdhania kuwa ni mchawi. Kadhalika ilisadikiwa kwamba hekima na usemi mzuri hupatikana kwa njia hiyo tu, yaani kwa kubishana na wenzi na kusikiliza. Kwa hiyo mzaha ulikuwa wajibu wa mtu mwema kama ulivyokuwa wajibu wake kumpa mgeni chakula. Msomaji akumbuke neno hili, maana bila ya hilo habari ya mazishi haielezeki.

Mtu alipofariki, mbiu ilikwenda vijiji vyote vya karibu, na jamaa wa mbali nao walipelekewa habari. Wanawake walifika wakilia, wakakusanyika kuizunguka maiti, wakaendelea kulia kwa saa nyingi. Wanaume walichimba kaburi karibu na nyumba. Wakwe na jamaa walileta ng'ombe, nao walichinjwa kwa ajili ya marehemu na nyama yake kugawanywa. Mpaka hapo hakuna jambo la ajabu. Hayo yaonekana katika nchi nyingi. Kisha ngoma zilianza kupigwa uwanjani, si mbali na wanawake waliokuwa wakilia, wala kilio hakikukatizwa kwa ajili yake. Vijana wakaingia kucheza, mikuki mikononi na njuga miguuni.

Uchezaji wenyewe haukuwa na mstari wala hatua zilizopangwa. Katika ngoma nyingi za Kiafrika wachezaji huenda pamoja, wakigeuka pamoja na kusimama pamoja. Katika ngoma hii ya mazishi kila mtu alicheza peke yake katikati ya watu wengi. Huyu aliruka, yule alikimbia mbio akizungusha mkuki wake kama apiganaye na adui asiyeonekana, na mwingine alipiga miguu chini mahali pamoja. Wanawake walipita katikati yao mmoja mmoja au wawili wawili, wakicheza na kupiga vigelegele vya vita. Hapakuwa na mwalimu wala zamu. Kila mchezaji alibuni lake papo hapo, na watazamaji ndio waliokuwa waamuzi. Aliyependeza alishangiliwa, na aliyejiona sana alipata maneno yake. Vijana wakatazamana na wasichana. Wazee waliokaa vikundi vikundi wakaanza mazungumzo, na mazungumzo yakaleta vicheko. Siku ya kwanza ilianza kwa machozi matupu, na siku ya pili na ya tatu zilikwisha kwa furaha.

Habari hizi zajulikana kwa undani kwa sababu ziliandikwa na watu waliokuwapo. Mtaalamu mmoja Mwingereza, Godfrey Wilson, alifika Rungwe mwaka 1934, na mkewe Monica, aliyezaliwa Afrika ya Kusini, akaungana naye mwaka uliofuata. Walikaa katika nchi hiyo mpaka mwaka 1938, wakajifunza Kinyakyusa na kuhudhuria mazishi mengi. Walisaidiwa na karani wao Leonard Mwaisumo, kijana wa nchi hiyo, ambaye maandishi na maelezo yake yaliwafungulia milango mingi. Naye alikufa mwaka 1938 akiwa bado kijana. Mwaka 1939 Godfrey Wilson alichapisha makala juu ya desturi za mazishi ya Wanyakyusa. Alifariki mwaka 1944, na mjane wake akaendelea na kazi: kitabu juu ya vijiji vya rika kilitoka mwaka 1951, na kingine juu ya ibada za ukoo kikatoka mwaka 1957.

Kuna jambo katika ukoo wa mtaalamu huyo lifaalo kutajwa. Baba yake, John Dover Wilson, alikuwa mwanachuoni mashuhuri wa tamthilia za Shakespeare, na mwaka 1935, mwanawe alipokuwa akitazama ngoma za mazishi kandokando ya Tukuyu, yeye alichapa kitabu chake juu ya tamthilia ya Hamlet. Katika tamthilia hiyo wachimba kaburi hufanya mzaha huku wakichimba. Na humo humo Hamlet awaonya waigizaji kwamba wachekeshaji wao wasiongeze maneno yao wenyewe juu ya yale waliyoandikiwa. Hivyo baba alikuwa akisoma kitabuni juu ya mambo mawili ambayo mwana aliyaona uwanjani: kicheko kando ya kaburi, na mchekeshaji asiyeandikiwa neno na mtu yeyote.

Wanyakyusa wenyewe walipoulizwa kwa nini hucheza mazishini, hawakutoa jawabu moja. Wengine walisema kwamba ile ni ngoma ya vita: marehemu alikuwa mpiganaji, na moyo wa aliyefiwa una hasira na hofu ambazo hazina budi kutoka. Kwa kweli zamani, kabla ya utawala wa Wazungu, mazishi yaliweza kugeuka vita hasa, kwa kuwa watu wa vijiji vyenye ugomvi walikutana hapo wakiwa na silaha. Wengine walisema kwamba hucheza ili kuwafariji wafiwa, wasiachwe peke yao na huzuni. Na vijana, kwa unyofu wa vijana, walikiri kwamba walikwenda ili waonekane na wasichana. Majawabu yote matatu ni ya kweli, wala hayapingani. Ngoma ile ile ilimtumikia mjane, shujaa na kijana atafutaye mke, na kila mmoja aliipatia maana yake.

Laiti desturi hii ingalitazamwa upande mmoja tu, ingalionekana kuwa ni dharau kwa marehemu. Lakini ratiba yake yaonyesha kinyume. Kicheko hakikuruhusiwa kuja kwanza. Kilio kilipewa haki yake yote, tena na watu wa karibu kabisa, na waliolia hawakukatazwa kuendelea wakati wengine walipocheza. Baada ya mazishi zilifuata ibada za kuwatenga wafiwa na marehemu, na iliaminika kwamba asiyezitimiza aweza kupatwa na wazimu. Kumbe hofu kubwa ilikuwa kwamba walio hai washindwe kurudi kwa wenzao. Mtu aliyekufa hakuweza tena kushiriki ukwangala, na aliyefiwa alikuwa hatarini kuuacha pia. Ngoma na mzaha vilikuwa kamba ya kumvuta arudi. Wenzi wa rika hawakuja kumwambia maneno ya hekima juu ya mauti. Walikuja wakawa vile walivyokuwa siku zote, mpaka naye akakumbuka alivyokuwa.

Jambo la namna hii halikuwa la Rungwe peke yake. Katika sehemu za mashariki ya Tanzania, kwa Wazaramo, Waluguru, Wazigua na wengineo, kazi ya kuchekesha mazishini ilikuwa ya watani. Mtani alikuja msibani akamwiga marehemu, akawakemea wenye kulia, akazuia shughuli mpaka alipwe, na wafiwa hawakuwa na ruhusa ya kukasirika. Wataalamu waliliandika sana jambo hilo, R. E. Moreau alichapa makala yake juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1941. Tofauti yafaa kuangaliwa. Mtani ana cheo: yeye ni mtu wa ukoo au kabila fulani, na haki yake ya kuchekesha yatokana na uhusiano huo. Katika ngoma ya mazishi ya Wanyakyusa haki ilikuwa ya kila aliyeingia uwanjani, na kipimo chake kilikuwa uwezo wake. Mmoja ni kama mwenye kazi ya kurithi. Mwingine ni kama mshindani.

Wamisionari ndio waliofungua shauri zito juu ya desturi hii. Wamoravian walijenga Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa Berlin wakafika nchi hiyo mwaka huo huo. Walipoona ngoma za mazishi waliona mambo mawili: ushirikina katika ibada za wafu, na uasherati katika kukutana kwa vijana. Wakristo wakakatazwa kucheza, na mahali pa ngoma pakawekwa nyimbo za dini. Wala haifai kusema kwamba katazo hilo lilikuwa upuzi mtupu. Mikutano ile kweli ilizaa ugomvi na kuvunja ndoa, na Wakristo wengi wa Kinyakyusa waliipokea amri kwa hiari, kwa kuwa waliamini ahadi ya ufufuo, na mwenye ahadi hiyo hana haja ya kupigana na mauti kwa mkuki. Nyimbo za sauti nyingi zilizoimbwa kaburini zilikuwa na uzuri wake, nazo ziliwakusanya watu.

Hata hivyo hapo ndipo palipo na hasara isiyolipika kwa urahisi. Wimbo wa dini umeandikwa. Maneno yake ni yale yale leo na kesho, kwa marehemu huyu na yule. Nguvu yake imo katika kutobadilika kwake. Ngoma ya zamani nguvu yake ilikuwa katika kubadilika: haikuweza kuchezwa mara mbili sawasawa, na hivyo kila marehemu alipata mazishi yasiyofanana na ya mwingine. Watu waliobaki na kumbukumbu ya siku hizo waliweza kukumbuka nani aliruka namna gani kwa kifo cha nani. Kumbukumbu hiyo ilikuwa ndiyo kaburi la pili la marehemu. Ndani ya nyumba moja katika miaka ya 1930 ndugu mmoja aliweza kuwa uwanjani na mwingine kando ya kaburi na kitabu cha nyimbo, kila mmoja akisadiki kwamba yeye ndiye amheshimuye baba yao. Shauri hilo halikuamuliwa na mtu. Wakati ndio ulioamua, na waliocheza walipungua.

Lakini ustadi wa kubuni papo hapo haukufa pamoja na ngoma hiyo. Ulihama. Vijana wa Rungwe walikwenda kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilaya ya Chunya, na wengine walivuka mpaka hadi machimbo ya shaba na ya dhahabu ya kusini. Huko walikutana na ngoma mpya, hasa zile za ukoo wa beni, ambazo askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918 walizieneza. Katika ngoma hizo watu waliiga kwata, sare na vyeo vya Wazungu, na katika kuiga mlikuwa na heshima na dhihaka pamoja, wala afisa aliyetazama hakuweza kusema kwa yakini ipi ni ipi.

Wakati huo huo mchezo mwingine ulikuwa ukikua katika miji na shule za Tanganyika na Unguja, nao uliitwa vichekesho. Ebrahim Hussein, mtunzi wa Kinjeketile, aliuchunguza katika tasnifu yake ya mwaka 1975. Kichekesho hakikuandikwa. Wachezaji walikubaliana juu ya kisa kifupi na watu wake: mtu wa shamba aliyefika mjini, mlevi, mtumishi mjinga amchezeaye bwana wake. Yaliyobaki yalitungwa mbele ya watazamaji, na watazamaji wakijibu, mchezaji naye aliwajibu. Baada ya uhuru vikundi vya sanaa vilichukua mtindo huo. Muungano, kilichoanzishwa mwaka 1980, na Tanzania One Theatre, kilichoanzishwa mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba, mtu wa mwambao wa Ziwa Nyasa, vilichanganya ngoma, nyimbo, sarakasi na vichekesho katika usiku mmoja, na michezo yao mingi haikuwa na maandishi. Radio nayo ilipeleka mzaha milimani. Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania walichekesha nchi nzima kwa miaka mingi.

Ulaya na Marekani, katika miaka ile ile, watu walikuwa wakijifunza upya jambo ambalo Rungwe halikuhitaji mwalimu. Waitalia wa karne ya 16 walikuwa na michezo ya kubuni papo hapo, lakini baadaye maandishi yalishinda. Uingereza, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1968, kila mchezo wa kuonyeshwa hadharani ulipaswa kupelekwa kwanza kwa mkaguzi wa serikali ukiwa umeandikwa. Kwa hiyo mchezaji aliyebuni neno jukwaani alikuwa akivunja sheria. Chicago, kikundi cha The Second City kilianza mwaka 1959, na Viola Spolin akachapisha kitabu cha mazoezi ya uchezaji huo mwaka 1963. Kanuni yake kubwa ni kwamba mchezaji ampokee mwenziwe na kujenga juu ya alilolisema. Mchungaji wa ng'ombe wa Kinyakyusa angalishangaa kusikia kwamba jambo hilo lalipiwa ada.

Siku hizi Tukuyu kuna matamasha ya namna nyingine. Katika miaka ya 2010 taasisi ya Tulia Trust iliandaa mjini humo tamasha la ngoma za jadi, na vikundi vikaja kushindana mbele ya umati. Jambo hilo ni jema, maana ngoma isiyoonekana husahauliwa. Lakini tamasha lina ratiba, zamu, waamuzi na zawadi, na kikundi kinachotaka kushinda hufanya mazoezi mpaka hatua zote zilingane. Kinachookolewa kwa njia hiyo ni umbo la ngoma. Ule uhuru wa mtu mmoja kuingia uwanjani na kufanya ambalo hata yeye hakulijua dakika moja kabla, huo hauwezi kutiwa katika ratiba. Wautafutao leo wautazame mahali pengine: kwenye baraza ya wauza ndizi, ndani ya basi litokalo Mbeya, na matangani vilevile, usiku, watu wazungukapo moto na mmoja aanzapo kusimulia vituko vya marehemu.

Hapo ndipo pafaapo kutolewa hukumu juu ya swali la mwanzo. Wanyakyusa wa zamani walicheka matangani kwa kuwa walijua kwamba mauti huvunja kikao, na dawa ya kikao kilichovunjika ni kikao kingine. Walioandika habari zao waliandika ngoma, ng'ombe na ibada, ila mizaha yenyewe karibu yote imepotea, kwa sababu mzaha wa papo kwa papo ukitolewa mahali pake huwa kama samaki aliyetolewa majini. Upotevu huo si wa kulilia sana. Waliokuwapo walicheka, wakarudi makwao wakiwa wazima, na mjane akasikia kelele za watu uani mwake badala ya kimya. Kazi ya mzaha ule ilikwisha siku ile ile, nayo ilikwisha vema.